Askari wa Miaka Kumi: Swali Ambalo Katuni ya Star Wars Ililifungua na Kuliacha Wazi

Katika filamu ya Star Wars: Attack of the Clones, iliyotoka Mei 2002, Obi-Wan Kenobi, mmoja wa Jedi, yaani wapiganaji walinzi wa Jamhuri, anafika Kamino, sayari ya bahari na mvua isiyokatika, na waziri mkuu Lama Su anampokea kama mteja aliyekuja kukagua mzigo wake. Mzigo wenyewe ni jeshi la makloni, watu walionakiliwa kutoka kwa mtu mmoja. Waziri mkuu anamweleza kwamba laki mbili ziko tayari na milioni moja nyingine zitafuata karibuni, na neno analolitumia kuwahesabu watu hao ni lile ambalo mwenye kiwanda hulitumia kuhesabu bidhaa zilizomo ghalani. Baadaye wenyeji hao wanaeleza, kwa fahari ya fundi, kwamba ukuaji wa askari umeharakishwa ili wakomae kwa nusu ya muda wa kawaida. Agizo lilikuwa limetolewa takriban miaka kumi kabla ya siku hiyo. Hesabu yake haihitaji kalamu: askari wale wenye vifua vya watu wazima na sauti nzito hawakuwa wamezidi umri wa miaka kumi. Filamu haikusita hapo. Iliwapandisha melini, ikawapeleka vitani, na muziki wa ushindi ukaendelea.

Miaka sita baadaye jambo hilo liliokotwa mahali ambapo wachache walilitarajia, yaani katika katuni ya watoto. Star Wars: The Clone Wars ilianza kuonyeshwa kwenye Cartoon Network tarehe 3 Oktoba 2008, ikiwa imetanguliwa mwezi Agosti na filamu ya katuni iliyoungwa kutokana na sehemu zake za mwanzo, filamu ambayo wahakiki wengi waliiponda. George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, aligharimia kazi hiyo kwa fedha zake na kumkabidhi Dave Filoni usimamizi. Katuni ilikwenda misimu saba na sehemu 133. Ilikatishwa mwaka 2013, muda mfupi baada ya Disney kuinunua kampuni ya Lucasfilm, ikapata msimu wa sita kwenye Netflix mwaka 2014, kisha ikafungwa kwa heshima yake tarehe 4 Mei 2020 kwenye Disney+. Vita inavyovisimulia vilitajwa kwa maneno machache tu katika filamu ya kwanza ya mwaka 1977, na hata filamu za 2002 na 2005 zilionyesha mwanzo wake na mwisho wake, zikairuka miaka mitatu ya katikati. Katuni ilijenga nyumba yake ndani ya pengo hilo.

Naamini kwamba katuni hii, iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto na kwa ajili ya kuuza vitu vya kuchezea, ilifanya kazi ya kiutu ambayo filamu kubwa hazikuifanya: iliwapa majina watu walionunuliwa. Naamini pia kwamba ilipofika kwenye swali gumu zaidi, la nani aliyewanunua na kwa haki gani, ilitazama pembeni. Mambo haya mawili nayasema kwa uzito uleule, kwa sababu naipenda kazi hii na siwezi kuikosoa kama mtu anayepita njia.

Tuanze na sura. Katika filamu zile mbili za 2002 na 2005 hapakushonwa wala kuundwa deraya hata moja ya kweli kwa ajili ya askari kloni; wote walichorwa kwa kompyuta, na pale askari alipovua kofia, uso wa mwigizaji Temuera Morrison ulipachikwa juu ya mwili usiokuwepo. Kwa maana halisi kabisa, hapakuwa na mtu ndani ya deraya. Katuni haikuwa na mtu pia, bila shaka, maana yote ni michoro, lakini sehemu yake ya kwanza kabisa ya televisheni ilianza kwa kumtafuta. Yoda, mzee wa Jedi, na askari watatu wamejificha pangoni, wamechoka, adui ni wengi. Mzee anawaomba wavue kofia zao. Mmoja anamwambia kwamba hakuna cha kutazama, kwa kuwa nyuso zao ni moja. Yoda anamkatalia, kisha anamgeukia mmoja baada ya mwingine na kumweleza jambo linalomhusu yeye peke yake. Hakuna bunduki inayolia kwa dakika hizo. Kwa katuni ya kwanza ya msimu wa kwanza, iliyolazimika kumkamata mtoto asibadilishe chaneli, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri.

Kutoka hapo watunzi waliendelea kuwatofautisha watu wenye uso mmoja kwa njia ambazo mtoto anaziona upesi: nywele zilizonyolewa kwa mitindo, chale usoni, rangi juu ya kofia. Sauti zote zilitoka kinywani mwa mtu mmoja, Dee Bradley Baker, ambaye alimpa huyu ukali, yule utani, mwingine woga, bila kutoka nje ya sauti moja ya msingi. Ni ufundi unaostahili kusikilizwa macho yakiwa yamefumbwa, kwa maana hapo ndipo mtu anapogundua kwamba amewatambua wote.

Lakini kipimo changu cha kazi hii ni vijana watano wanaoitwa kikosi cha Domino: Hevy, Echo, Fives, Cutup na Droidbait. Tunawakuta kwanza mwaka 2008, wakilinda kituo kilicho kwenye mwezi wa mbali ambako hakuna kinachotokea, makuruta wenye deraya nyeupe isiyo na mkwaruzo. Shambulio linakuja usiku. Droidbait anauawa, Cutup anamezwa na mnyama mfano wa mkunga anayeishi kwenye mashimo ya mwezi ule. Kapteni Rex, kloni mwenye uzoefu, anapofika, anampiga risasi mnyama mwingine wa aina hiyo, anachovya kiganja katika damu yake ya buluu na kukibandika kifuani mwa Echo. Alama ya kiganja inabaki. Baadaye Echo anapopewa deraya mpya, anaichora upya alama ileile mahali palepale, na mtazamaji anayeikumbuka haambiwi chochote, anaachiwa aione. Hevy naye anabaki kituoni peke yake ili kukilipua, kwa sababu kifaa cha kulipulia kutoka mbali kimegoma.

Sasa tazama walichokifanya watunzi mwaka 2010, msimu wa tatu ulipoanza. Waliturudisha nyuma, Kamino, vijana wale watano wakiwa bado mafunzoni, wakifeli majaribio, wakigombana, wakisimangwa na wakufunzi. Mtoto aliyeketi mbele ya televisheni anajua kwamba watatu kati yao wameshakufa. Aliwaona wakifa miaka miwili kabla. Kila mzaha wanaoutoa bwenini unamchoma. Na katika kambi hiyo yumo kloni mmoja aliyezaliwa na kasoro, mgongo umepinda, anazeeka kabla ya wenzake, kazi yake kufagia na kupanga silaha. Anaitwa 99, namba tupu. Hevy anapotaka kutoroka usiku, kwa uchungu wa kuona kwamba wao ni namba tu, 99 ndiye anayemjibu kwamba kwake yeye hawakuwa namba kamwe. Siku ya kuhitimu Hevy anamvulia nishani yake na kumpa. Muda si mrefu, katika sehemu iliyofuata, kambi inavamiwa na 99 anauawa akikimbilia kuwaletea wenzake risasi. Sijui kazi nyingine ya televisheni ya watoto iliyompa mfagiaji mlemavu nafasi ya kuwa ndiye mwenye ufunguo wa hadithi nzima, na ikafanya hivyo bila kumhurumia kwa dharau.

Hapa ndipo umri wao unaponirudia. Katika Kiswahili cha Kongo lipo neno ambalo halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyefuatilia vita vya 1996 na 1997, neno kadogo, walivyoitwa watoto waliotembea na bunduki katika majeshi ya Laurent-Désiré Kabila hadi Kinshasa. Nalitaja kwa tahadhari, maana mateso ya watoto wa kweli si chombo cha kuipamba makala ya katuni. Hata hivyo tarehe zenyewe zinazungumza. Mkataba wa nyongeza wa Umoja wa Mataifa kuhusu watoto katika vita ulianza kutumika Februari 2002, miezi mitatu kabla ya filamu ile ya Kamino kutoka. Na Machi 2012, mwezi ambao msimu wa nne wa katuni ulifikia tamati, Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, ikamtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani, katika Ituri, watoto walio chini ya miaka 15. Dunia ilikuwa ikijifunza kuliita jambo hili kwa jina lake. Katuni ilikuwa na jeshi zima la watoto wa miaka kumi na ushei, na haikusema neno. Miili ya watu wazima iliificha hesabu. Na si makloni peke yao: Ahsoka Tano, mwanafunzi wa Jedi na mhusika ambaye mtoto mtazamaji anaalikwa kujiona ndani yake, anakabidhiwa kuongoza askari vitani akiwa na miaka kumi na minne, na hadithi inalichukulia jambo hilo kama hatua ya kawaida ya malezi.

Haitakuwa kweli nikisema kwamba watunzi hawakuliona kabisa. Waliliona, na mara kadhaa walilikaribia. Katika msimu wa kwanza, mwaka 2009, Sajini Slick anagundulika kuwa ndiye aliyeuza siri kwa adui. Anapobanwa, anasema kwamba anawapenda ndugu zake na kwamba Jedi ndio wanaowafanya watumwa. Ni shtaka kamili, limesemwa waziwazi mbele ya watoto. Lakini aliyepewa kulisema ni msaliti ambaye ndugu zake wamekufa kwa sababu yake, na jibu analopewa linahusu damu ya hao ndugu tu. Anafungwa pingu, hadithi inaendelea. Hili ndilo jambo linalonisumbua kuliko yote katika misimu ya mwanzo: ukweli umewekwa kinywani mwa mtu ambaye tumeshaambiwa tusimwamini.

Katika msimu wa pili walirudi kwa upole zaidi. Rex amejeruhiwa, anahifadhiwa katika shamba moja huko Saleucami, na mwenye shamba anatokea kuwa kloni mwenzake, Cut, mtoro wa jeshi, mwenye mke na watoto wawili wa kulea. Wanaketi mezani, nyuso mbili zilezile, mmoja amevaa deraya na mwingine nguo za kulimia, wakibishana kama mtu aliyezalishwa kwa ajili ya vita ana haki ya kuchagua kulima. Rex anasema ni wajibu wake kumripoti. Usiku adui anakuja na wanailinda nyumba pamoja. Asubuhi Rex anapanda mnyama wake kurudi kikosini, na kabla ya kuondoka anamwambia Cut kwamba kwa hali yake ya majeraha huenda asikumbuke lolote kati ya hayo. Sentensi moja, na imeshika uzito wa sheria, huruma na woga kwa pamoja.

Msimu wa nne ulitoa sehemu nne za Umbara, ambazo kwangu ni kilele. Jenerali Pong Krell, Jedi mwenye mikono minne, anawaita askari kwa namba zao, anawatuma mbele bila kujali nani atarudi, na mwishowe anawaamuru wawapige risasi watu ambao amewaambia ni adui waliovaa deraya za kuiba. Gizani wanapigana hadi mmoja anapoivua kofia ya maiti na kuuona uso wake mwenyewe. Sehemu mojawapo iliongozwa na Walter Murch, mhariri wa Apocalypse Now, na kivuli cha filamu hiyo ya vita vya Vietnam kinaonekana katika ukungu na taa za Umbara. Fives na mwenzake wanahukumiwa kufa kwa kukaidi amri. Kikosi kinapangwa, Fives anawakumbusha waliomlenga kwamba wao si mashine, na bunduki zote zinakosa shabaha kwa makusudi. Krell anauawa na kloni. Lakini hata hapa mlango unafungwa upesi, kwa kuwa inabainika Krell alikuwa ameshaamua kuusaliti upande wake. Angekuwa Jedi mwaminifu aliyewatumia makloni vibaya kwa sababu tu sheria ilimruhusu, hadithi ingekuwa ya kweli zaidi, na ingewauma watu wazuri wanaobaki.

Katika msimu huohuo, Anakin Skywalker, Jedi aliyezaliwa mtumwa, anakwenda kuwakomboa raia waliotekwa na wafanyabiashara wa watumwa wa Zygerria. Anaandamana na Rex, na wanaoshuka mwishoni kukivamia kituo cha watumwa ni askari ambao hawakuwahi kuulizwa kama wanataka kuwa askari. Hakuna hata mmoja anayeligundua hilo, si Anakin, si Obi-Wan, wala mtunzi, kadiri ninavyoweza kusoma kazi yake. Na Seneti inapojadili kuagiza askari milioni tano zaidi, Seneta Padmé Amidala, mwenye moyo bora kuliko wote mle ndani, anapinga kwa kuonyesha jinsi gharama hiyo itakavyowanyima raia maji, umeme na elimu. Hoja yake ni njema na hotuba yake ni nzuri. Wale milioni tano wenyewe hawamo ndani yake.

Lazima niseme pia juu ya biashara, kwa maana katuni za aina hii huishi kwa duka. Kila rangi mpya juu ya kofia, ambayo ndani ya hadithi ni tangazo la mtu kwamba yeye ni yeye, ilikuwa pia mwanasesere mpya wa Hasbro katika kisanduku cha plastiki. Sidhani kwamba jambo hilo linaubatilisha utu waliopewa wahusika. Watunzi walifanya kazi kwa dhati na inaonekana. Lakini inafaa kukumbuka kwamba njia rahisi ya kumfanya kloni awe mtu mmoja wa pekee ilikuwa pia njia ya kumfanya auzike tena, safari hii kwa mtoto wa miaka kumi.

Jibu kubwa la katuni kwa fumbo la usaliti lilikuja mwaka 2014. Katika filamu ya 2005, Amri ya 66 inatolewa na makloni wanawageuka Jedi papo hapo, bila kope kutikisika. Mtazamaji aliyewapenda Rex na Fives hakuweza kuikubali picha hiyo, na watunzi walilijua hilo. Wakaleta chipu: kifaa kilichopandwa ubongoni mwa kila kloni tangu utotoni, kikisubiri neno. Fives anaigundua, hakuna anayemwamini, anafanywa aonekane mwendawazimu na kupigwa risasi na kloni mwenzake, akifia mikononi mwa Rex. Kama msiba, ni kamili. Kama fikra, nina shaka nayo. Chipu iliwaokoa makloni dhidi ya lawama, na hapo hapo ikawaokoa Jedi dhidi ya swali. Ikiwa utumwa ni kifaa kilichofichwa na mwovu mmoja, basi miaka mitatu ya kuwaamuru watu wasio na hiari, kwa upole na kwa tabasamu, inageuka kuwa haikuwa utumwa. Kloni hakuhitaji chipu ili asiwe huru. Alikuwa hana mshahara tunaousikia ukitajwa, hana mwisho wa mkataba, na njia pekee ya kutoka tuliyoonyeshwa ni ile ya Cut, utoro.

Echo, yule wa kiganja cha buluu, tulidhani amekufa tangu msimu wa tatu. Mwaka 2020 anapatikana hai, amefungwa ndani ya mtambo wa adui, nyaya zimeingia kichwani, akili yake ikitumika kukokotoa mbinu za vita. Waliomweka humo walimtendea kwa ukatili ulio wazi kile ambacho Kamino ilikifanya kwa adabu. Wanaomkomboa ni kikosi cha makloni wenye maumbile yasiyo ya kawaida kinachojiita Kikosi 99, kwa heshima ya mfagiaji yule, na hao ndio waliozaa katuni iliyofuata, The Bad Batch, ya 2021 hadi 2024, ambayo hatimaye iliuliza Jamhuri ilipokwisha na vita vilipokwisha, nani anawajibika kwa watu waliotengenezwa kwa ajili ya vyote viwili.

Karibu kila sehemu ya The Clone Wars ilifunguliwa kwa usemi mfupi wa hekima ulioandikwa kwenye skrini, kama ile ya kwanza iliyosema kwamba viongozi wakuu huamsha ukuu ndani ya wengine. Sehemu nne za mwisho hazina usemi. Askari waliokwenda na Ahsoka wamepaka kofia zao rangi ya michoro iliyo usoni mwake, kila mmoja, kama ishara ya mapenzi. Amri inapokuja, nyuso hizo zake mwenyewe zilizochorwa zinamgeukia kumuua. Rex anafanikiwa, mkono ukitetemeka na machozi yakimtoka, kumtajia Ahsoka jina la Fives kabla ya chipu kumshinda. Ahsoka anaitafuta taarifa ya Fives kuhusu chipu na kumtoa Rex chipu kichwani. Baadaye, meli ikianguka, anakataa kuwaua wale wengine. Anamvua Rex kofia, kama Yoda alivyowaomba askari wale watatu pangoni miaka kumi na miwili kabla, na kumwambia kwamba yeye ni askari mwema, na kila mmoja wao ni askari mwema.

Makloni waliokufa katika ajali hiyo, Ahsoka na Rex wanawazika kwenye mwezi ambao hautajwi, miti imesimikwa juu ya makaburi, kofia moja juu ya kila mti. Hakuna aliyeandika jina. Mtoto aliyeanza kuitazama akiwa na miaka kumi, umri wa askari hao, alikuwa na ishirini na miwili ilipofungwa, na ndiye anayejua majina.